Hisabati pamoja na Usimamizi wa Biashara: niandike nini chaguo la kwanza?

Binti wa Sofia

Shikamooni wakubwa, na wenzangu mambo. Niko Busia, upande wetu wa Uganda. Nimemaliza S6 (kidato cha sita) na kombinesheni ya MEG: Hisabati B, Uchumi B, Jiografia C. Jenerali Pepa (karatasi ya maarifa ya jumla) na ICT (kompyuta) nimepita zote mbili.

Mama hununua mahindi na maharagwe kwa wakulima, kisha huyauza kwa wanaovusha kwenda Kenya. Daftari lake naliandika mimi tangu nikiwa S2, kwa hiyo biashara naijua kwa mikono. Lakini somo linalonikosesha usingizi kwa raha ni Hisabati. Kwenye intaneti nimeona vyuo vya Uingereza vina digrii moja inayochanganya vyote viwili, Hisabati pamoja na Usimamizi wa Biashara, miaka 3. Hapa kwetu naona kila kozi imekaa upande wake.

Nisipopata nafasi ya serikali, karo atalipa mjomba. Yeye anasema Hisabati mwisho wake ni kushika chaki, nichukue Biashara. Mwalimu wangu anasema nisithubutu kuiacha Hisabati. Naombeni ushauri kabla fomu za kuomba chuo kikuu hazijafungwa.

Nakawa Daima

Karibu mdogo wangu. Mimi nilisoma BCom (digrii ya biashara) pale MUBS, chuo cha biashara cha Makerere kilichoko Nakawa, na nakuambia mjomba wako ana hoja. Unapata uhasibu, fedha, sheria ya biashara, masoko, na humo humo kuna hesabu za biashara na takwimu. Ukiwa bado mwanafunzi unaweza kuanza mitihani ya uhasibu ya CPA chini ya ICPAU, chama cha wahasibu wa Uganda, na ukimaliza digrii baadhi ya karatasi unasamehewa. Hakuna kampuni, kanisa wala shirika lisilohitaji mhasibu. Hesabu zake lakini ni za riba, kodi na uchakavu wa mali. Kama unatafuta zaidi ya hapo hutazipata kwetu.

Nyar Tororo

Mdogo wangu, nakujibu kwa kirefu kwa sababu jambo hili liko moyoni mwangu. Nimezaliwa Tororo, nikasoma Hisabati Makerere, na sasa kazi yangu ni kupima hatari ya mikopo kwenye taasisi moja ya mikopo midogo hapa Kampala. Biashara niliisoma baadaye, madarasa ya jioni. Msimamo wangu ni kwamba digrii ya kwanza iwe Hisabati, au kozi iliyojengwa juu ya hisabati nzito. Biashara ifuate.

Uhasibu na menejimenti watu hujifunza wakiwa kazini, hata wakiwa na miaka 40, na wanafaulu vizuri. Bado sijakutana na mtu aliyemaliza Biashara kisha akarudi kuanza kalkulasi na uthibitisho (kuonyesha kwa hoja kwa nini jambo ni kweli daima), baada ya kutoka ofisini na kukaa kwenye foleni ya Jinja Road huku watoto wanamsubiri. Hisabati inataka ile miaka ambayo kichwa hakina mengine, na wenzako mezani mkibishana juu ya swali moja mpaka kantini inafungwa.

Sasa tuchukue biashara ya mama. Tuseme (bei ni za mfano) ana lori la magunia 100 na mtaji wa shilingi milioni 18. Gunia la mahindi ananunua kwa 100,000 na linamwachia faida ya 10,000. La maharagwe ni 300,000, faida 24,000. Apakie nini? Ukitazama gunia, maharagwe yanashinda. Ukitazama shilingi, mahindi yanashinda, maana yanarudisha asilimia 10 na maharagwe asilimia 8. Akipakia mahindi matupu, magunia 100, faida ni milioni 1. Akipakia maharagwe matupu, mtaji unamwishia kwenye gunia la 60: faida 1,440,000, na nafasi ya magunia 40 inakwenda bure. Chora ile mistari miwili mliyofundishwa S4 kwenye karatasi ya grafu, mmoja wa nafasi ya lori na mmoja wa mtaji. Inakutana kwenye mahindi 60 na maharagwe 40, na faida ni 1,560,000.

S4 inaishia hapo. Chuoni utaulizwa swali la pili, nalo kwangu ndilo tamu: mtaji ukiongezeka kidogo, faida inapanda kiasi gani? Katika mfano huu, kila 100,000 ya ziada inaleta 7,000. Maana yake, mkopo wowote utakaomgharimu mama zaidi ya asilimia 7 kwa safari hiyo moja unamla, hata kama wateja wanapiga simu kutwa. Na nafasi ya gunia moja zaidi kwenye lori thamani yake ni 3,000, kwa hiyo mwenye lori kubwa akitaja bei, mama anajua akubali mpaka wapi. Mwanahisabati Kantorovich alianzisha hesabu za aina hii mwaka 1939 akitafuta namna ya kugawa kazi za mashine kwenye kiwanda cha mbao kule Leningrad, na Dantzig wa Marekani akatoa njia yake ya kuzitatua mwaka 1947. Hakuna aliyewaambia wachague upande.

Wateja ninaokutana nao kazini wengi ni kama mama yako. Wanajua bei, wanajua barabara, wanajua mteja gani halipi. Ile 7,000 hawaijui, na anayewauzia mkopo hana haja ya kuwaambia. Ndiyo maana natamani watoto wa mpakani mjae kwenye kozi hizi.

Kuhusu kozi zenyewe: Makerere, Idara ya Hisabati iko CoNAS, koleji ya sayansi. Ukivuka kwenda CoBAMS, koleji ya biashara na menejimenti, utakuta Takwimu, Uchumi wa Kihesabu na Akchuaria, yaani hesabu za bima na pensheni. Kwa ulivyojieleza, hizi za CoBAMS ndizo zinazokaribia ile ya Uingereza. Akchuaria ujue digrii ni mwanzo tu. Mitihani ya IFoA, chama cha wanaakchuaria cha Uingereza, utaendelea nayo ukiwa umeajiriwa, na inachukua miaka.

Mwalimu Mstaafu, Mbale

Binti yangu, marahaba. Nimefundisha Hisabati ya S5 na S6 mpaka nikastaafu, na kila mwaka nimeona watoto wakikosa kozi kwa kutojua pointi zinavyohesabiwa. A ni 6, B ni 5, C ni 4. Somo la lazima kwa kozi huzidishwa kwa 3, linalohusiana huzidishwa kwa 2. B yako ya Hisabati ni 15 penye kozi inayoitaka kama somo la lazima, na ni 10 tu penye kozi inayoiweka kama somo linalohusiana. Kwa hiyo ukiandika kozi, tazama kwanza Hisabati na Uchumi zimewekwa wapi. Wasichana huongezewa pointi 1.5 kwenye vyuo vya umma, utaratibu ulioanza mwaka 1990. Jumlisha mwenyewe, kisha linganisha na pointi za kukatia (za chini kabisa zilizokubaliwa) za mwaka uliopita.

Mjomba naye apelekewe haya kwa heshima. Mkopo wa serikali wa wanafunzi, ule wa HESFB ulioundwa kwa sheria ya 2014, umeegemea zaidi kozi za sayansi. Na chaki anayoisema: tangu Julai 2022 mwalimu wa sayansi mwenye digrii katika shule ya serikali hulipwa shilingi milioni 4 kwa mwezi, na Hisabati imehesabiwa humo. Ila kwa hilo unahitaji pia mafunzo ya ualimu; Hisabati tupu haitoshi.

Binti wa Sofia

Asanteni sana. Mwalimu, nimehesabu, na kumbe kozi mbili nilizokuwa naziona sawa zinaachana mbali kwa sababu ya Jiografia. Dada Nyar Tororo, ule mfano nimemchorea mama. Ameuliza kama mtaji ni milioni 12 mistari inakutana wapi. Nimempa jibu: inakutana kwenye maharagwe 10.

Swali langu la mwisho: umetaja uthibitisho. S6 hatukufanya mwingi. Ni mgumu kiasi gani?

Nyar Tororo

Jibu lako ni sahihi, mahindi 90 na maharagwe 10. Mpe mama salamu zangu.

Uthibitisho ndio unaowashtua wengi mwaka wa kwanza. S6 ulikuwa unatafuta limiti (thamani ambayo hesabu inaikaribia): unaweka namba, unarahisisha, unapata jibu, unapewa alama. Chuoni mhadhiri anauliza limiti yenyewe ni kitu gani, na hataki mfano, anataka sentensi isiyo na tundu. Anakupa epsiloni (jibu liwe karibu na limiti kiasi gani), wewe utafute delta (namba unayoweka isogee karibu kiasi gani) itakayotosha kila mara, epsiloni iwe ndogo vipi. Waliokuwa na A za S6 huwa wanaona ukurasa mzima hauna namba hata moja, wanaogopa, wanaacha kuhudhuria. Usiache. Andika kila uthibitisho upya kwa mkono wako bila kutazama daftari, na ukikwama sema kwa maneno kwa nini hatua hiyo ni kweli. Ukiona miezi inapita na kazi hiyo inakuchosha tu, basi Takwimu itakufaa kuliko Hisabati tupu.

Jipime kabla ya kujaza fomu: thibitisha kwamba kipeuo cha pili cha 2 hakiwezi kuandikwa kama sehemu ya namba nzima mbili. Usitafute kwenye simu. Kaa nalo.

Nakawa Daima

Dada amenishawishi nusu. Lakini mdogo wangu, hata ukienda CoBAMS, chukua uhasibu kila unapopewa nafasi ya kuchagua somo. Siku ya usaili watakuwekea mizania mezani.

Nyar Tororo

Hapo Nakawa Daima tuko pamoja. Mimi mizania ya kwanza nilifundishwa na karani wa hazina kazini, na ningefurahi kuijua mapema.

Binti wa Sofia

Naandika Uchumi wa Kihesabu kwanza, Takwimu ya pili, BCom ya tatu. Mjomba amekubali niende naye Kampala nikaulize karo ya zote tatu. Lile la kipeuo cha 2 nimelianza. Nimefika mahali ambapo namba zote mbili zinakuwa shufwa, na nadhani hapo ndipo pana jambo.