Tupeane uzoefu: ni wapi, ukiwa nje ya nyumba, ulipokutana na uhuru wako?

Ndugu zangu, sisi tuliosoma fasihi tulifundishwa falsafa ya udhanaishi darasani, tukakariri kwamba mwanafalsafa Mfaransa Jean-Paul Sartre, katika hotuba aliyoitoa Paris mwaka wa 1945, alishikilia kuwa mtu huwapo kwanza, kisha hujijenga kwa yale anayoyachagua kutenda. Swali kuhusu wazo hilo nililijibu vizuri kwenye mtihani, lakini wazo lenyewe sikulielewa hadi nilipokwenda Milima ya Ngong, nje ya Nairobi, miezi miwili baada ya kuachishwa kazi.

Kwa miaka 11, kila nilipoulizwa mimi ni nani, nilitaja kazi yangu. Jumamosi hiyo nilipanda matatu ya nambari 111 hadi Ngong, nikaanza kuufuata mgongo wa milima kuelekea Kona Baridi. Anayeijua njia hiyo anafahamu kwamba mtu hupanda kilima akidhani amemaliza, kumbe inambidi ashuke tena ili apande kingine. Kwenye mteremko wa tatu kamba ya kiatu changu ilikatika. Niliketi nyasini, upepo ukinisukuma mgongoni, nikaunga vipande kwa mafundo mawili, vidole vikiwa vimekufa ganzi kwa baridi. Hakuna aliyenituma huko, hakuna aliyekuwa akinisubiri Lamwia kwenye kilele cha mita 2,460, na lau ningerudi, hakuna ambaye angeniuliza. Nilitambua kuwa safari hiyo ilikuwa juu yangu peke yangu, na jambo hilo lilinitia hofu kabla ya kunifurahisha. Nilifunga kiatu, nikaendelea. Ninyi je?

Mama wa Githurai: Mwanangu, pole kwa kazi. Falsafa sikuisoma, lakini baba watoto alipofariki nilianza kwenda msitu wa Karura kila Jumapili, nikiketi karibu na maporomoko ya maji bila kuzungumza na mtu. Huko humkumbuka Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, aliyejeruhiwa kichwani Januari 1999 alipokwenda kupanda miti, wakati ardhi ya msitu huo ilipokuwa ikigawiwa wajenzi wa majumba. Angeweza kubaki nyumbani. Kivuli ninachopumzikia ni uamuzi wa mtu.

Mtembezi wa Kibra: Kaka, nimekusoma kwa heshima, ila naomba niongeze jambo. Mimi hutembea kutoka Kibra hadi Eneo la Viwanda siku sita kwa juma, nikifuata reli, kwa kuwa nauli ya kwenda na kurudi ingekula unga wa watoto. Njia hiyo sikuichagua. Sartre mwenyewe alikubali kwamba mtu hujikuta ndani ya hali asiyoiomba, na kwamba uhuru wake uko katika namna anavyoikabili. Sehemu hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo inayostahili kusemwa zaidi katika mji huu. Nilichochagua mimi ni kumpitia kijana wa jirani aliyeanza kibarua mwaka huu, ambaye hakumaliza shule, na njiani ninamfundisha kusoma vipimo kwenye tepu. Tunapofika langoni saa moja asubuhi, huwa tumemaliza somo.