Mtoto mwenye kigugumizi asamehewe kusoma kwa sauti mbele ya darasa?

Mama wa Langoni: Mwanangu yuko gredi ya nne hapa Lamu. Insha anaandika zikapendeza, ila kusoma kwa sauti ndiko kunamtesa. Juzi neno "kitabu" limemkwama, mishipa ya shingo imemsimama, mwalimu akamwambia, "Kaa, mwenzako aendelee." Darasa likacheka. Nimeomba asomeshwe pembeni, au ajibu kwa maandishi. Naambiwa nataka upendeleo. Mwaonaje?

Mkomani: Upendeleo wapi? Katiba ya 2010, kifungu cha 54 kama sikosei, inampa mwenye ulemavu haki ya lugha ya ishara, breli au njia nyingine inayomfaa ya mawasiliano. Kuandika si njia? Lakini hawa walimu wa bara watajuaje, hata watoto wetu hawawaelewi.

Mwalimu, Mokowe: Mimi ni wa bara. Baada ya watu wa bara kushambuliwa na kuuawa Mpeketoni, hapa Lamu, 2014, wenzangu waliomba uhamisho, mimi nikabaki na watoto wenu. Leo ndiyo shukrani?

Mkomani: Sikukutaja wewe.

Mwalimu, Mokowe: Umesema "hawa". Mimi ni mmoja wa hawa.

Ami wa Shela: Poleni nyote. Chuoni, tukisoma Kurani, tulikuwa na kijana wa kigugumizi. Peke yake hatoki neno, tukisoma kwa pamoja ulimi unamtiririka. Mwalimu amsomeshe na mwenzake, sauti mbili. Lakini asiachwe kabisa, akiachwa atazoea kunyamaza.

Mkomani: Ami, hilo jema, ila ajira za walimu lazima zianzie kwa wenyeji.

Bi wa Matondoni: Nyinyi mwagombania bara na pwani! Binti yangu hasemi kabisa. Nimemchorea kadi za picha: maji, choo, naumwa. Nikazitoboa, nikamvika shingoni kwa uzi. Mwalimu kazivua, kazifungia kabatini, ati wenzake wanazichezea. Mtoto amerudi nyumbani amejikojolea, analia. Nikilalamika naambiwa nimpeleke shule maalumu ya bweni. Kwa nini aondoke kwao, na kinachohitajika ni kadi kubaki shingoni?

Mwalimu, Mokowe: Bi, hilo ni kosa kubwa. Kufunga kadi ni kumfunga mtoto mdomo. Nenda na mumeo kwa mwalimu mkuu, andikeni barua mbaki na nakala. Kisha mpelekeni kituo cha tathmini, mahitaji yake yaandikwe rasmi, wasiseme ni deko.

Mkomani: Huyo mwalimu ni wa wapi?

Bi wa Matondoni: Mwenyeji, tena tumesoma pamoja. Mimi nataka kadi za mwanangu zitoke kabatini Jumatatu.