Hivi kupenda Nickelback na Creed, zile bendi za rock, ni aibu kweli, au tumebebeshwa aibu ya watu?

Mzee_wa_Kaseti:

Wakuu habari za jioni. Hili linaweza kuonekana la kitoto ila limenikaa rohoni tangu jana, ngoja nilitoe.

Niko Kariakoo, tuna kiofisi cha kuprinti tisheti na mabango. Jana mchana nasikiliza mambo yangu na hedfoni, simu ikajiunga yenyewe na ile spika ya Bluetooth ya ofisini, ghafla "How You Remind Me" ikalia ofisi nzima, na sio pale mwanzo anapoimba kwa upole, hapana, pale pale anapofoka kiitikio. Dogo mmoja yuko fildi kwetu akageuka kunitazama kama mtu aliyekutwa na simu ya wizi. "Braza, Nickelback? Kweli braza?" Wenzake wakacheka. Na mimi mtu mzima nina watoto wawili nikaanza kujitetea eti imejipiga yenyewe, ni plelisti hizi zinachanganya. Uongo mtupu. Niliichagua mwenyewe na ilikuwa mara ya pili siku hiyo.

Usiku nikawaza, hivi nimeona aibu ya nini? Huo wimbo niliupata bwenini, 2002 au 2003 hivi, kwa redio kaseti ya mshikaji. Unabonyeza rekodi na pozi kwa pamoja unasubiri mtangazaji amalize kuongea, na hamalizi, ndo maana kichwani mwangu mpaka leo ule wimbo unaanza na mtu anawasalimia wakazi wa Tabata. Hakuna aliyetuambia hao jamaa ni kichekesho. Walikuja foleni moja na Westlife, Bryan Adams na Celine Dion, wote kwetu ni mziki wa kizungu basi, Kiingereza chenyewe tunakisia, nusu ya beti tunamung'unya tu.

Sasa naambiwa ni mziki wa kusikiliza umejifungia chumbani. Wanaojua rock naomba mniambie, hawa jamaa ni wabaya kweli au ni fasheni ya kuwacheka?

Chapati_Mbili_Maharage:

Kujitetea ndo kosa mkuu. Ungeongeza sauti.

Gitaa_Kavu:

Mkuu mimi nitakuwa upande wa dogo wa fildi, samahani.

Tatizo la hawa jamaa ni kwamba wamepata fomula wakaikopi mpaka karatasi ikatoboka. Beti la kwanza gitaa dogo na sauti ya chini kama mtu anaungama, halafu kiitikio ukuta wa magitaa na jamaa anakaza koo kama kabanwa na mlango, beti, kiitikio, kipande cha kupumua, kiitikio cha mwisho kwa nguvu zaidi, dakika tatu na nusu nne imeisha inaingia biashara ya sabuni. Kuna mtu aliichukua "How You Remind Me" ya 2001 na "Someday" ya 2003, akaiweka moja sikio la kushoto na nyingine la kulia, zinakwenda pamoja. Kiitikio kinaingia pamoja. Kile kimya kabla ya kiitikio kinaingia pamoja! Yani bendi moja, wimbo uleule, umepigwa rangi ukauzwa tena kama daladala kuukuu.

Creed nao walichukua ile sauti ya bendi ya Pearl Jam wakaisafisha ikang'aa, halafu yule mwimbaji wao Scott Stapp anasimama na mikono kaipanua kama anapokea mvua. Desemba 2002 walipiga shoo karibu na Chicago mbovu kiasi kwamba mashabiki wanne walikwenda mahakamani kudai hela (kesi ilitupwa lakini fikiria, mtu kakupenda mpaka kanunua tiketi halafu anakupeleka kwa hakimu).

Kwa hiyo sio fasheni tu. Kuna kitu pale watu walikisikia.

Solo_wa_Hotelini:

Nilikuwa napita tu ila hapa siwezi kunyamaza. Mimi napiga gitaa kwenye bendi ya hoteli huku Masaki, Ijumaa na Jumamosi, huu mwaka wa tisa.

Gitaa_Kavu kaka unayosema ni kweli tupu. Nyimbo nyingi za hao watu unashusha ule waya mnene wa gitaa mpaka noti ya D, baada ya hapo kidole kimoja kinalala kwenye nyaya tatu na kodi (yani chord, noti kadhaa kwa pamoja) imepatikana, unatelezesha tu juu na chini. Kijana wa miezi mitatu anaweza. Ila nikwambie kitu, kupiga ni rahisi, kutunga ule mstari wa kiitikio ambao mtu aliyelewa, aliyechoka, ambaye hajausikia miaka kumi anaushika kwa mara ya kwanza bila kukosea, hiyo kazi jaribu uone. Nimejaribu miaka yote hiyo, nina nyimbo zangu kumi na moja, hakuna anayeziimba ila mke wangu na yeye ni kwa huruma.

Na wanaoomba sasa! Wazungu wa mikutano, wale wa vitambulisho shingoni, saa mbili usiku wanaomba jazi. Saa tano, bia ya nne, mmoja anakuja pembeni ya jukwaa ananong'ona sikioni kama anauliza choo kiko wapi: mnaijua ya Creed? Tunaipiga. Meza nzima inasimama. Hao hao wa jazi.

Kuhusu kuchekwa, sehemu kubwa ni redio yenyewe. Marekani walibadilisha sheria 1996 wakaondoa kikomo cha stesheni ambazo kampuni moja inaweza kumiliki nchi nzima, ilikuwa 40, miaka michache mbele kampuni ya redio ya Clear Channel peke yao wana kama 1,200. Maana yake kinachochaguliwa ofisi moja kinalia nchi nzima, asubuhi kwenye gari, mchana kwa kinyozi, jioni dukani. Ile "How You Remind Me" ndo ulikuwa wimbo uliopigwa kuliko wote kwenye redio za Marekani muongo mzima wa 2000 mpaka 2009, zaidi ya mara milioni 1.2. Hata wali nazi ukilishwa asubuhi mchana jioni miaka kumi utauchukia, na kosa sio la nazi. Kwao Nickelback, Kanada, ndo usiseme, wana sheria stesheni lazima zipige asilimia fulani ya wasanii wa nyumbani, ilikuwa 30 tangu 1971 ikapanda mpaka 35 miaka ya tisini mwishoni. Bendi ya mji mdogo wa Hanna, Alberta, ikafaidika, na wananchi wakachoka nayo mapema kuliko wote.

Sisi huku tulisikia mara moja kwa wiki ukibahatika, tena na salamu za Tabata juu yake. Hatukupata nafasi ya kuchoka.

Bint_Mburahati:

Kaka Solo nimekupenda bure.

Mimi rock siijui sana ila hii stori ya aibu naijua vizuri, nimekulia nayo. Mnakumbuka singeli ilivyokuwa inatukanwa? Mziki wa vigodoro, wa wahuni wa Manzese na Tandale, wa watu wasio na kazi. Mimi ofisini Posta nilikuwa nasikiliza na waya umepita ndani ya mtandio ili mtu asijue. Halafu 2017 wale Nyege Nyege, lebo ya mziki ya Uganda, wakatoa albamu ya vijana wa Sisso, studio iko mtaani kwetu pale, wazungu wakaanza kuandika kwamba ni mziki wa kesho, vijana wakaitwa Ulaya kupiga. Bosi wangu, yule yule aliyekuwa anakunja pua, akaniuliza eti wewe si unatoka Mburahati, hebu nitumie hizo nyimbo. Nyimbo hazikubadilika hata kidogo. Ni zilezile za kwenye waya.

Na hata mkongwe wetu Freddie Mercury, mtoto wa Unguja wa 1946, leo kila mtu anajifanya alimpenda toka zamani. Jarida la Rolling Stone mwaka 1979 liliwaita Queen, bendi yake, bendi ya kifashisti jamani.

Gitaa_Kavu:

Dada hapo kwa Queen sikubali kabisa, Queen ukisikiliza nyimbo tano hazifanani hata mbili, usimuweke Freddie kapu moja na hawa. Singeli pia ni kitu kipya, hakuna mwingine duniani alikuwa anafanya vile. Kuchekwa kwa sababu ya mtaa unaotoka na kuchekwa kwa sababu unajirudia ni vitu viwili.

Hilo la redio kuchosha watu nalikubali, nilikuwa sijaliwaza hivyo.

Kwaya_ya_Vijana:

Mimi aibu yangu ni nyingine. Sisi tulidhani Creed ni bendi ya injili 😂 "Higher" tuliitafutia kodi tukaipeleka ibada ya vijana, mchungaji akasema amina. Baadaye ndo nakuja kusoma wenyewe wanakataa, wanasema wao sio bendi ya kidini. Tulishaipiga Pasaka mbili.

Chapati_Mbili_Maharage:

Amina ilishapokelewa, haitarudishwa.

Mzee_wa_Kaseti:

Wakuu asanteni, nimesoma zote. Gitaa_Kavu leo nimefanya jaribio lako. Nimeitafuta ile ya masikio mawili, nikaisikiliza kwenye daladala la Mbagala, nimebanwa dirishani jua linachoma shavu la upande mmoja, konda ananigusa bega anataka nauli mara ya pili na nilishalipa.

Ni kweli bana. Zinaingia pamoja mpaka kile kimya. Nilikuwa nasubiri nione aibu ila pale viitikio viwili vilipopasuka kwa wakati mmoja, huyu sikio hili na huyu sikio lile, nilisisimka mikono yote miwili. Nikairudisha mwanzo. Nashukia Mtongani mimi, nimekuja kushtuka tuko Zakhem.