Raifo inanipiga teke balaa, nishuke hadi greni ngapi kwa mbawala na ngiri?

MkoroshoMkavu, Nachingwea
Wakuu habari za jioni, Ntwara kuchele na Lindi pia. Naomba ushauri kwa wanaojua raifo kweli. Nina raifo ya .30-06 ya bolti (ile ya kukoki kwa mkono kila risasi), karatasi zangu zote zipo, msimu ukifunguliwa nikipata leseni ya wenyeji naenda na wenzangu wawili, sina mambo makubwa, ni mbawala na ngiri basi. Sasa mwaka juzi nilidondoka juu ya mkorosho nikipogoa mwenyewe eti naokoa elfu ishirini ya kibarua, nikavunja mtulinga wa kulia, mfupa umeunga lakini umeacha kinundu pale pale kitako cha bunduki kinapokaa.

Tangu hapo risasi zangu za siku zote za greni 180 (greni ndo kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi) zimekua adui, kila nikifyatua naona nyota, na kibaya zaidi nimeanza kufumba macho kabla hata ya mlio. Msimu uliopita mbawala dume kasimama mita kama sitini, ubavu wote wazi, nikampiga tumboni. Tumemfuata kuanzia saa kumi na moja jioni, damu ina majani yaliyotafunwa ndani yake mnajua wenyewe maana yake, giza likatukuta, asubuhi tunafika fisi wameshamaliza, imebaki pembe na kipande cha ngozi ya mgongo. Sikulala vizuri wiki nzima.

Nimeona yutubu Wamarekani wanawindia kulungu wao kwa risasi nyepesi za greni 125, hadi watoto wanapiga wanacheka. Duka moja Dar nimepiga simu wanasema zipo 150 na zipo 125 ila muuzaji hajui tofauti yoyote zaidi ya bei. Nishuke wapi? Ngiri atalala? Na ni kweli nyepesi inaenda juu?

ChikandangaJr, Newala
Kula kuku mkuu 😂😂

MkoroshoMkavu
Nilijua tu utakuja wewe.

Mzee wa Mbwemkuru, Kilwa
Kijana wangu pole na mtulinga. Mimi nimebeba mizigo na kuchuna wanyama kwenye kambi za wawindaji upande wa Liwale miaka mingi kabla sijastaafu, raifo za wageni nimeziona za kila aina na mabega yaliyovia nimeyaona ya kila rangi, kwahiyo nisikilize taratibu.

Kwanza tenganisha vitu viwili ambavyo huyo muuzaji kavichanganya. Kuna kichwa chepesi, yaani kile kipande kinachoruka, na kuna baruti iliyopunguzwa. Hilo teke linatokana na uzito wa kichwa pamoja na baruti inayotoka nacho mdomoni, na jinsi vinavyotoka kwa kasi. Ukitoka 180 kwenda 150 ya kawaida, kiwandani wanaichaji mwendo zaidi, 180 inatoka na mita kama 820 kwa sekunde na 150 inakaribia 890, kwahiyo bega lako linapata nafuu kidogo tu, labda moja ya nane. Utaisikia lakini hutaimba. Zile 125 ulizoona kwenye yutubu ni kitu kingine, ndo zile Remington waliziita Managed Recoil na Hornady wana zao Custom Lite, hizo zimepunguzwa baruti makusudi, kichwa kinatoka na mwendo ule ule wa karibu mita 810 au 820 kama 180 yako ila ni chepesi, teke linashuka karibu nusu. Sasa kuna 125 nyingine ya baruti kamili inayotoka na mita zaidi ya 950, hiyo ukiiweka utapata kelele, teke la kutosha, na kichwa laini kinachopasuka kama yai kwenye ngozi. Kwahiyo usiulize duka "mna 125", mwambie akupigie picha ya boksi usome mwendo umeandikwa ngapi.

Pili hiyo habari ya kulungu. Kulungu wao wa mkia mweupe dume mzuri ana kilo 60 mpaka 130, ngozi nyembamba, mifupa ya kawaida. Mbawala wetu dume ni kilo 40 mpaka 80, kwahiyo hapo 125 iliyopunguzwa inamtosha kabisa kama umemuweka nyuma ya bega. Swala pala hivyo hivyo. Ngiri ndo pa kuwaza. Dume la ngiri linaweza kupita kilo mia, limejaa matope yaliyokauka na bega nene, na ukimkuta anakutazama uso kwa uso usimpige na kichwa chepesi laini, kitaishia kwenye nyama ya mbele.

Nakumbuka mgeni mmoja alimpiga ngiri begani kwa risasi nyepesi ya mwendo mkali, umbali kama hapa na kisimani. Tulimpata, ndio, lakini tulipomning'iniza na kuchuna, bega lile lilikua kama uji wa damu, vipande vya risasi vyembamba kama ganda la kitunguu vimeganda kwenye nyama, na kwenye mbavu kulikua na tundu moja dogo tu la kipande kilichobahatika kupita. Bega zima tuliwapa mbwa. Kingegonga mfupa kidogo pembeni tungemtafuta mpaka leo.

Kwahiyo mimi ningekua wewe: 150 lakini yenye kichwa kigumu, ile ambayo madini ya risasi ya ndani yameunganishwa na ganda lake la nje visiachane, au ile ya shaba tupu, hiyo hata ukishuka greni 130 inashika uzito wake karibu wote inapita mpaka upande wa pili. Iwe ndo ya ngiri. 125 iliyopunguzwa iwe ya mbawala na ya mazoezi, hasa ya mazoezi.

TeteMbuga77, Masasi
Hapa naona mnamlea. Mimi napiga 180 tangu mwaka 1996 na kabla ya hapo babu alitumia .303 ya kichwa kile kizito cha 174 na hajawahi kulalamika. Bega linazoea. Risasi nyepesi ni ya kupigia kanga.

VGS Mstaafu (dada), Liwale
Shikamoo Mzee wa Mbwemkuru, umemaliza kwenye risasi sina la kuongeza. Kaka TeteMbuga mfupa uliovunjika hauzoei, unaficha tu, na mnyama ndo anayelipia.

MkoroshoMkavu mdogo wangu tatizo lako la kwanza sio greni, ni macho. Nilipita kozi ya askari wa wanyamapori wa vijiji, ndo hao VGS, pale Likuyu Sekamaganga, baadae nikafanya kazi hifadhi ya jamii ya Magingo huku kwetu, na nimewafundisha vijana wenye mabega mazima kabisa wanaofumba macho kuliko wewe. Fanya hivi ukiwa uwanja wa shabaha wenye ruhusa. Mpe mwenzako bunduki akujazie yeye, wewe ugeuke usione. Mara aweke risasi, mara afunge bolti bila kitu. Wewe unalenga unafyatua kama kawaida. Siku ya bolti tupu utaona aibu, mdomo wa mtutu utainama kama mbuzi anayekunywa maji, na hakuna kilicholipuka. Ndo hapo risasi yako ya mbawala ilipokwenda tumboni. Rudia mpaka mtutu utulie kwenye "tik" ile tupu, hata kama ni asubuhi tano.

Na masikio uzibe jamani. Watu wanadhani wanaogopa bega kumbe wanaogopa mlio, ukiziba masikio vizuri nusu ya uoga inaondoka na haijakugharimu risasi hata moja. Usipigie mezani umekaa umeinama pia, ukiinama mwili hauendi nyuma na bunduki, unaipokea yote mfupani. Simama, egemea gogo au fimbo tatu, mwili uyumbe nayo.

Halafu kitako. Weka mpira mnene wa kisasa, ule mwekundu mgumu kama soli ya kandambili wa bunduki za zamani hausaidii. Ila ukiongeza unene wa mpira kitako kinarefuka, fundi akate mbao kidogo isije ikakukalia kwenye mkono wa bega. Na uzito usiuogope, .30-06 ya kilo tatu na nusu ukiongeza nusu kilo tu ndani ya kitako teke linapungua karibu sawa na kutoka 180 kwenda 150. Bure kabisa, unaumia tu kuibeba.

ChikandangaJr
Sasa dada si wanauza ile chuma yenye matundu inafungwa mdomoni mwa mtutu inakata teke? Nimeona kwenye video

VGS Mstaafu (dada)
Ipo na inafanya kazi sana. Ila mlio wake unarudi pembeni na nyuma, anayekufa masikio ni mwenzio anayekufuatia hatua mbili. Kwenye uwanja wa wazi sawa, kwenye miombo mnatembea mmebanana sitaki kua nyuma yako.

FundiSkopu, Mtwara mjini
Nijibu hilo la juu au chini maana limerukwa. Usimsikilize mtu anayesema lazima juu au lazima chini. Risasi nyepesi inatoka kwenye mtutu mapema kabla bunduki haijanyanyuka sana, kwahiyo karibu inaweza kugonga CHINI ya ile nzito hata kama ina mwendo zaidi, na mara nyingine inaenda pembeni kabisa maana mtutu unatetemeka tofauti. Kila raifo na tabia yake. Nina wateja wawili wenye bunduki za kiwanda kimoja, mmoja 150 yake iko vidole vitatu juu ya 180, mwingine iko kushoto.

Piga tatu tatu kwenye karatasi mita mia, acha mtutu upoe katikati, kisha geuza skopu (darubini ya kulengea) ifuate ile risasi utakayoendea porini. Na ukishageuza usichanganye mfukoni 180 na 125, nimeona mtu amekosa kongoni mzima kwa hilo. Umbali wa huku kwetu kwenye msitu ni mita 50, 80, mia kwa nadra, kwahiyo hizo hesabu za Wamarekani za mita mia tatu hazikuhusu, 125 iliyopunguzwa haijadondoka cha maana.

Mzee wa Mbwemkuru
Fundi kasema kweli. Na nyongeza moja: leseni imeandikwa mnyama gani, ukiwa na 125 usije ukatamani pofu kwa sababu amesimama vizuri. Pofu dume anaweza kufika kilo 900. Nyati ndo usimtaje, yule ni .375 kupanda juu. Na ile kazi ya tochi usiku au kupigia juu ya gari mnajua sheria ya wanyamapori ya 2009 inasemaje, isije bega likapona ukaenda kupumzika gereza la Lilungu.

MkoroshoMkavu
Jamani nimerudi, wiki tatu sasa. Asanteni sana, shikamoo Mzee, dada VGS Mungu akuweke.

Nimefanya lile zoezi na mwenzangu. Mara ya kwanza bolti tupu, mtutu umeinama kweli kweli, jamaa kacheka mpaka kakaa chini. Ya tatu nikakasirika. Siku ya pili kati ya mara kumi zilizokua tupu nimeinamisha nne. Nimeziba masikio na mpira mpya upo, fundi kakata mbao kidogo.

Boksi la 125 lile duka lilinitumia picha, limeandikwa mwendo mkubwa, sio zile zilizopunguzwa, nikaliacha. Nimechukua 150 za shaba. Kwenye karatasi zimegonga vidole vinne CHINI ya zile 180 na kidogo kulia, nisingepima ningempiga mbawala chini ya nilipolenga. Nimegeuza skopu, tatu za mwisho zote unazifunika na kifuniko cha chupa ya soda. Bega linauma bado lakini ni maumivu ya baadae, sio ya kabla.

Zile 180 zimebaki kumi na mbili.

TeteMbuga77
Nipe mimi hizo.

VGS Mstaafu (dada)
Hapewi mtu, zimeandikwa kwenye kitabu chake sio chako. Weka kwenye sanduku ufunge, mbali na hizo mpya.

ChikandangaJr
Mkuu mbawala akipatikana paja moja Newala. Kuku nimechoka.