Antibodi ya sungura ya kathepsini D inanipa mistari mitatu badala ya mmoja, nimeuziwa takataka ama?

Maabara_Usiku
Wasee habari za jioni. Niko masters hapa Nairobi, nafanya na seli za saratani ya matiti, MCF-7. Nilinunua antibodi ya sungura, polikloni (mchanganyiko wa antibodi nyingi kutoka kwa damu yake), ya kutafuta kathepsini D ya binadamu (kimeng'enya kinachokata protini zingine), ilikaa wiki saba kufika, zingine ikiwa imekwama tu kwa forodha, na hiyo elfu hamsini na kitu ni yangu mwenyewe si ya supavaiza. Jana nikafanya westani bloti, ile ya kutenganisha protini kwa jeli kulingana na ukubwa, kuzihamishia kwa membreni, halafu kuzitafuta na antibodi. Protini iko na amino asidi 412 kwa hivyo nikapiga hesabu nikatarajia mstari mmoja hapo kwa kilodaltoni 45 (kipimo cha uzito wa protini). Nimepata mmoja 52, mwingine hafifu 48, halafu mmoja mnene balaa 34, na huko juu karibu 70 kuna kitu kama moshi. Membreni nzima iko na ukungu. Kwa 45 ni kweupe pe! Aliyeniuzia anasema chupa ikishafunguliwa hairudi. Nilibloku (kufunika nafasi tupu za membreni ili antibodi isishike ovyo) na maziwa ya unga asilimia 5 kama kila mtu. Nianze kutafuta hela ya nyingine ama kuna mahali nakosea?

Mzee_wa_Jeli
Punguza presha kwanza. Kathepsini D haitoki kiwandani ikiwa tayari, inatoka kama prokathepsini, na imebandikwa sukari mahali pawili, ndio unaisoma 52 na si hiyo 45 yako ya kalkuleta. Ikielekea laisosomu (kifuko cha seli cha kumeng'enya vitu) inakatwa kipande cha mbele inabaki 48, ikifika huko inakatwa tena inakuwa vipande viwili, kizito 34 na kidogo 14, na hivyo viwili vinakaa pamoja vikifanya kazi hadi wewe uvichemshe na SDS, ile sabuni ya kutenganisha protini. Antibodi ya polikloni inashika sehemu nyingi za protini kwa hivyo hao wote inawaona. Ungeniletea mstari mmoja wa 45 ndio ningeshtuka. Moshi wa 70 ndio siupendi. Kata ukanda mmoja wa membreni uweke sekondari (antibodi ya pili, inayoshika ya sungura na kutoa alama) peke yake bila ya sungura, tuone.

Sina_Bajeti
Mimi polikloni siziamini tena. Damu ya sungura mmoja si ya mwingine. Nilifanya nusu ya thesis na loti moja (toleo moja la kiwandani), ikaisha, loti ya pili ya kampuni ile ile ikanionyesha mistari sijawahi ona maishani. Nunua monokloni rikombinanti (antibodi ya aina moja tu, inayotengenezwa kwa jeni maabara) umalize hii stori.

Mzee_wa_Jeli
@Sina_Bajeti anunue na nini sasa, si ametoka kusema pesa ni ya mfuko wake. Lakini ya loti uko sawa, andika namba ya loti kwa daftari leo kabla chupa haijapotea lebo.

Chumvi_na_Maji
Usiamini mistari kwa sababu mzee amesema (heshima kwako mzee), ipime. Na si lazima ununue kitu. Laisosomu inafanya kazi kwa asidi, ukiiondoa hiyo asidi kathepsini inashindwa kukomaa. Chukua amonia kloraidi, hiyo chumvi lazima iko kwa shelfu yenu inakula vumbi, weka milimola 10 kwa seli usiku kucha, sahani nyingine usiweke. Kama 34 inapungua na 52 inapanda, hiyo ni kathepsini D yako. Klorokwini pia inafanya hivyo hivyo, ndio, ile dawa ya malaria ya kitambo iliyokuwa inatuwasha mwili mzima tukiwa watoto. Na usimwage midia (maji ya kulishia seli)! Wakati huo wa chumvi toa seramu, kisha uipakie midia kwa jeli, kwa sababu prokathepsini ikikosa njia ya laisosomu inatoroka nje ya seli, na MCF-7 hata bila chumvi huwa zinaitema.

Nyanya_wa_Seli
Hakuna mtu ameona maziwa? Maziwa ya ng'ombe yenyewe yako na prokathepsini D mle ndani. Na polikloni haichagui sana, inaweza kushika ya ng'ombe pia, kwa hivyo hapo ni kama unapaka membreni chambo halafu unashangaa ukungu. Jaribu BSA (protini ya damu ya ng'ombe) asilimia 5. Halafu swali la mama: umeihifadhi aje? Gawanya kwa vichupa vidogo leo leo, na usiweke kwa friza ile inayojiyeyusha barafu yenyewe, hiyo inapanda joto inashuka kila siku. Kwetu stima ilipotea wikendi moja nzima, Jumatatu nikakuta antibodi za miaka mitatu zimekuwa supu. Sitaki kuongea zaidi.

Maabara_Usiku
Nimerudi, pole kwa kukawia, stima pia kwetu ilikuwa na mambo yake. BSA imeondoa ukungu wote nyinyi, membreni ni safi hadi nikapiga picha nikamtumia mamangu. Moshi wa 70 ulitokea hata kwa ukanda wa sekondari peke yake, kumbe ya sungura nimeisingizia, nilikuwa naweka sekondari 1:2,000, nimeshuka hadi 1:10,000 na umeisha. Na ile chumvi!! 34 imefifia, 52 imekuwa nene, na midia iko na 52 peke yake. Supavaiza sai ndio anauliza nilinunua wapi. Imebaki kitu kimoja, hiyo 14 mbona siioni?

Mzee_wa_Jeli
Jeli yako ni asilimia ngapi?

Maabara_Usiku
8.

Mzee_wa_Jeli
Hiyo ilishatoka chini kitambo ikaenda na bafa. Tumia 15, na membreni iwe ya matundu ya maikromita 0.2. Lakini soma datashiti kwanza, kama sungura alidungwa kipande cha upande wa 34 pekee, hiyo 14 hutaiona hata ufanye nini.

Maabara_Usiku
Nimesoma. Ni ya upande wa 34 😭