Mwalimu wa maadili kumkuta Msalato na mbavu za mbuzi: ana haki ya kutusahihishia mtihani?

Kijana wa Ng'ong'ona: Wakuu, nasoma falsafa hapa Dodoma na kuna jambo limenikaa rohoni. Mwalimu wetu alitupitisha kwenye hoja za Peter Singer, yule mwanafalsafa Mwaustralia: mateso ya mnyama yanahesabika, na kama unaweza kuishi bila nyama, huna cha kujitetea. Akakiri hajapata jibu la kuipinga. Jumamosi namkuta mnadani Msalato, mbavu za mbuzi mezani, anamwita muuzaji aongeze. Huyu anafundisha maadili au anasomesha tu ili mwezi uishe?

Mwalimu Mstaafu: Kijana, hilo limeshapimwa. Schwitzgebel na Rust, Wamarekani, mwaka 2014 walichapisha majibu ya maprofesa. Wa maadili asilimia 60 walisema kula nyama ya mamalia mara kwa mara ni vibaya. Maprofesa wasio wanafalsafa ni asilimia 19 tu. Walipoulizwa kama walikula nyama kwenye mlo wa jioni iliyopita, tofauti ya maana haikuonekana. Kazi yake ni kukuonyesha hoja inasimama wapi na inaangukia wapi. Ukitaka wa kumfuata mwenendo, nenda kwa shehe wako au padre wako.

Kijana wa Ng'ong'ona: Kwa hiyo mimi ndiye mjinga niliyeacha nyama tangu muhula uanze?

Mnyamwezi wa Tabora: Mnamwonea mwalimu. Huko Ugogo nyama ni dini. Ng'ombe mia zizini, mtoto anachunga hana daftari, njaa ikibisha hodi mnapanda basi kwenda Dar kuomba. Singer angeanzia huko.

Bint Mvumi: Wewe Mnyamwezi, utani naujua na watani zangu wanazika kwetu. Hilo ulilosema si utani. Umewahi kusikia Mtunya, ile njaa kuu ya Ugogo? Wakati wa Vita ya Kwanza Wajerumani walikomba ng'ombe na nafaka zetu, wakabeba wanaume kuwa wapagazi. Waingereza wakaingia Dodoma 1916 wakaendelea walipoishia wenzao. Mvua ilipokatika, zizi tupu, ghala tupu. Bibi yangu alisimuliwa na mama yake walivyochemsha ngozi wakanywa maji yake. Ng'ombe ndiye akiba kwenye nchi ambayo mvua haifiki milimita 600 kwa mwaka. Mtama ukikataa, unauza ndama. Leo aje mtu kutoka kwenye nchi yenye maduka ya kila kitu aniambie zizi la baba yangu ni dhambi?

Mwalimu Mstaafu: Dada, Singer hakusema hivyo. Hoja yake inamhusu mwenye njia nyingine ya kuishi. Na makala yake ya 1972 ilihusu njaa hasa, ya wakimbizi wa Bengali: ukiona mtoto anazama dimbwini utaloa nguo umtoe, basi na aliye mbali ni hivyohivyo.

Bint Mvumi: Na aliyemsukuma dimbwini? Mbona kwenye mfano huo mtoto amejikuta tu majini? Waliochukua ng'ombe wetu walikuwa na majina na vyeo. Mimi sitaki kuokolewa, nataka niulizwe nani aliniangusha.

Mwalimu Mstaafu: Hapo umenibana. Wapo waliomkosoa kwa upande huohuo, kwamba anazungumzia msaada kabla ya haki. Nami niliufundisha mfano ule miaka mingi bila kuutaja Mtunya, nikiwa nimesimama mbele ya watoto wa Kigogo. Inaniuma.

Kijana wa Ng'ong'ona: Jamani, na mbavu za Msalato?

Mnyamwezi wa Tabora: Kijana subiri. Dada, la kuomba nalifuta, nimekosa. La mtoto kuchunga badala ya kwenda shule silifuti.

Bint Mvumi: Usilifute. Nilichunga mbuzi mpaka darasa la saba, asubuhi shule, mchana porini. Kaka yangu hakupata hiyo asubuhi.