Siku nne katika nyumba ya msanifu huko Karoo: je, sisi watu wa Pemba tutaiweza?

MwanaWete

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mwezi wa Julai mimi, mume wangu na mavyaa wangu, ambaye ni mtu mzima wa miaka sitini na tisa, tutakwenda Cape Town kwa harusi ya shemeji yangu, na wenyeji wetu wametutunuku siku nne katika nyumba ya mapumziko iliyoko Karoo, eneo la nusu jangwa nchini Afrika Kusini, upande wa mji wa Sutherland. Nyumba hiyo ilichorwa na msanifu majengo, na kwa picha ni nzuri mno: kuta za zege na mawe, upande mmoja wote ni kioo kinachotazama kaskazini, bafu la pili liko nje bila paa, na mbele yake hakuna mti wala jirani mpaka macho yanapoishia. Maelezo yanasema kwamba umeme ni wa jua, maji ni ya kisima, na nyumba "haihitaji kiyoyozi". Mimi nimekulia Wete, baina ya mikarafuu na matope ya masika, na ukavu wa namna hii sijawahi kuuona. Naomba aliyewahi kulala katika nyumba ya aina hii anieleze baridi yake, habari ya stara kwa kioo chote kile, na kama ni mahali pa kumpeleka mtu mzima.

FundiChokaa

Wa alaykum salaam, dada. Mimi ni fundi wa nyumba za kale hapa Mji Mkongwe, na niliwahi kulala siku tano katika nyumba kama hiyo kwenye Karoo ya Tankwa, ambako mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 100 mahali pengi. Ilikuwa Februari, kiangazi chao, nami nikafanya kosa la mtu wa pwani: saa mbili asubuhi niliyafungua madirisha yote ili upepo upite, kama tunavyofanya kwetu. Ilipofika alasiri niliuweka mkono ukutani nikahisi kama naugusa mtungi uliotoka motoni. Usiku nje kulikuwa na baridi ya kutosha kujifunika blanketi, lakini ukuta uliendelea kututemea joto mpaka saa saba za usiku, na mimi na mwenzangu tukatoa magodoro tukalala barazani. Karatasi ya maelekezo ilikuwa imebandikwa nyuma ya mlango tangu siku ya kwanza, na hatukuisoma.

Sababu yake ni hii. Mawe na zege huchelewa kupata moto na huchelewa kupoa. Kwetu Unguja mchana na usiku hupishana kwa nyuzi chache tu, kwa hiyo ukuta mnene haupati nafasi ya kupoa, na kinachotuokoa ni upepo na kivuli. Ndiyo maana Beit al Ajaib, iliyojengwa 1883, ilizungushiwa roshani pana za kuukinga ukuta wenyewe na jua. Katika nusu jangwa, mchana na usiku huweza kupishana kwa zaidi ya nyuzi 15. Ukiifunga nyumba mchana na kuifungua usiku, ukuta huuhifadhi ubaridi wa usiku na kuutoa mchana. Msanifu aliyesema kiyoyozi hakihitajiki hakudanganya, ila hakukwambia kwamba kazi ya kiyoyozi utaifanya wewe kwa mikono yako.

Julai hesabu hubadilika kidogo. Jua la kule wakati huo liko chini upande wa kaskazini, na hata adhuhuri halipandi zaidi ya nyuzi 35 hivi kutoka upeo wa macho, kwa hiyo linaingia moja kwa moja kupitia kioo na kuipasha sakafu. Mchana fungeni madirisha lakini mapazia yaacheni wazi, kisha jua likikaribia kuzama, ambako huwa kabla ya saa kumi na mbili jioni, teremsheni mapazia yote, kwa sababu kioo hicho hicho kilicholeta joto ndicho kitakachokuwa kinalipoteza. Mkichelewa hata saa moja mtaijua alfajiri. Sutherland iko kwenye mwinuko wa kiasi cha mita 1,450, ni miongoni mwa miji yenye baridi kali kabisa Afrika Kusini, na usiku wa Julai maji huganda. Kipupwe chetu si chochote mbele yake.

BiMkubwaMkoani

Mwanangu, Fundi amesema ya ukuta, nami nitasema ya bafuni, maana hayo wanaume huyasahau.

Stara isikutie wasiwasi wa mchana, kwa sababu gari likija utaliona vumbi lake kabla hujasikia mlio wake. Usiku ndio wa kuangalia: taa ikiwashwa ndani, nyumba ya kioo huonekana kama fanusi, na kama kuna mlinzi wa shamba anayepita basi ataona hata uliyoyavaa. Waulize wenyewe mapema kama mapazia yapo kweli, maana katika picha za wasanifu mapazia huwa yameondolewa. Bafu la nje kwa Julai liacheni lilivyo. Hilo lilijengwa kwa ajili ya Desemba na kwa ajili ya picha.

Maji ya visima vya Karoo mara nyingi yana chumvichumvi, kama ya visima vyetu vya pwani, na chai yake haina ladha, kwa hiyo chukueni ya kunywa kutoka mjini. Yanayopashwa na jua huwa ya moto alasiri na huwa yamepoa alfajiri, na bomba la nje linaweza kuganda, kwa hivyo jazeni ndoo mbili ndani kabla ya kulala, mtie na kopo, kisha mpashe kidogo jikoni kwa udhu wa mavyaa wako. Nyama ya halali nunueni Cape Town, ambako Waislamu wapo tangu karne ya 17 na maduka hayakosekani. Ya Karoo ni kondoo mtamu sana, lakini huko mashambani hamtajua amechinjwa na nani.

Kibla nacho kitawababaisha. Sisi hapa tunaelekea kaskazini karibu sawasawa, lakini kule ni kaskazini na kupinda kiasi cha nyuzi 20 kuelekea mashariki. Maana yake mtakuwa mnaswali mmekielekea kioo, na adhuhuri jua litakuwa karibu usoni. Mimi nilitundika kanga.

DerevaKiembeSamaki

Naongeza la njia tu. Kutoka Cape Town piteni Matjiesfontein, ni lami mpaka Sutherland, kiasi cha kilomita 350. Ramani ya simu isije ikawapitisha barabara ya changarawe ya Ceres hadi Calvinia, kilomita 250 hivi bila mji hata mmoja katikati, yenye vijiwe vinavyokata mpira kama wembe. Baada ya lami kutakuwa na njia ya shamba, kwa hiyo ulizeni ina urefu gani na mfike mchana. Usiku mmoja wekeni nafasi mapema ya kutembelea kituo cha darubini cha Sutherland. Darubini yao kubwa, iliyozinduliwa 2005, ina kioo kilichoungwa kwa vipande 91, ingawa wageni hutazama kwa darubini ndogo.

MwanaWete

Shukran sana nyote. Nimemsomea mavyaa majibu haya neno kwa neno, na la baridi halikumshughulisha hata kidogo. Alichouliza ni kama patakuwa na mahali pa kukaa jioni na kuona watu. Nilipomwambia hakuna watu, alinyamaza. Tumekubaliana yeye abaki Cape Town na bintiye, nasi twende kwa siku mbili tu. Swali la mwisho kwa Fundi: tukiwasha hita ya umeme usiku, betri zitahimili?

FundiChokaa

Hazitahimili, dada, wala pasi na birika la umeme msizitegemee. Ulizeni kama kuna jiko la kuni na kama kuni zimo katika bei, maana kule tulikolala ziliuzwa kwa mfuko, na duka lilikuwa mwendo wa saa nzima.